Admirali Aliyemtukana Admirali

Kuna nchi moja, msiniulize iko wapi. Aliyenisimulia aliniapisha nisiioneshe kwenye ramani, na mwenye kuitambua basi ajifanye haijui, kama tunavyofanya sote. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Ina bahari upande mmoja na askari pande zilizobaki. Mtawala wake haitwi rais, anaitwa Nahodha Mkuu, ingawa hajapata kupanda hata mtumbwi kwa sababu maji humtia kichefuchefu. Katiba yake ni fupi na inapendeza kusoma. Ibara ya tisa inasema: "Katika Jamhuri ya Shwari hakuna raia atakayekufa kwa kupigwa." Kwa hiyo watu wakipigwa wakafa, sheria huwatambua kuwa ni wasafiri.

Katika nchi hiyo alizaliwa Shekuwe Madi, mtoto wa fundi cherehani. Baba yake ndiye aliyekuwa akishona sare nyeupe za jeshi la wanamaji, na mtoto alikua akizitamani zikiwa bado na pini. Akajiunga na jeshi kwa ajili ya nguo. Si kosa. Wengine hujiunga kwa ajili ya chakula.

*

Mwaka aliotimiza miaka ishirini na tisa, makuli wa bandari ya Mkunguni waligoma. Walikuwa wakipakua magunia ya kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, na vumbi lake lilikuwa limewala viganja mpaka mistari ya mikono ikafutika. Wakaomba glavu. Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu likilichambua ombi hilo, kisha Waziri wa Usalama akawafafanulia wananchi:

"Anayetaka kufunika mikono anataka kuficha alama za vidole. Anayeficha alama za vidole anapanga uhalifu. Na uhalifu unaopangwa na watu mia nne kwa pamoja, ndugu zangu, huo ni vita!"

Manowari pekee ya taifa, jina lake Amani ya Milele, ikaamriwa kuelekeza mizinga bandarini. Luteni Shekuwe alikuwamo, wa nne kwa cheo, amesimama sitahani na kikombe cha chai ya tangawizi ambayo ilikuwa bado ya moto. Alikuwamo pia Afisa wa Uzalendo, mtu mfupi mwenye bastola na leso, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha wenzake wanaipenda nchi.

"Piga," Afisa wa Uzalendo alimwambia kapteni wa manowari.

Kapteni alishusha darubini. "Hawa si adui. Ni makuli. Namwona mama anauza uji."

Afisa wa Uzalendo akampiga risasi ya sikio, akajipangusa uso kwa leso, akamgeukia msaidizi wa kapteni. "Piga."

"Nitapiga, mheshimiwa. Ila naomba amri hiyo kwa maandishi."

Naye alipigwa. Maandishi yalikuja wiki iliyofuata, yakawekwa kwenye jalada lake. Wa tatu hakukataa wala hakuomba kitu, alikaa chini tu, na risasi ikamkuta hapo hapo. Damu yake ilitiririka ikafika kwenye viatu vyeupe vya Shekuwe, naye akavitazama viatu kwa sababu hakuweza kutazama pengine.

"Wewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Shekuwe Madi. Hivyo ndivyo alivyopanda vyeo vitatu kabla chai yake haijapoa.

Kitu kimoja lazima kisemwe, maana yeye mwenyewe alikishikilia kwa miaka mingi. Alimwinamia mpiga mzinga akamnong'oneza, "Nyanyua kidogo." Nia yake ilikuwa njema: kombora lipite juu ya makuli, liende zake. Likapita juu ya makuli, likaenda zake sokoni, kwenye soko la samaki lililokuwa nyuma yao. Kupitia darubini Shekuwe aliona mizani ikiruka juu, na mkono wa mtu ukiwa bado umeikamata, bila mtu.

"Chini kidogo," alisema Afisa wa Uzalendo kwa upole, kama mwalimu.

Wakapiga mara kumi na moja.

Jioni redio ilitangaza kwamba meli ya adui imezamishwa pamoja na mabaharia wake wote, na kwamba upande wa Shwari hakuna aliyeumia ila kapteni na wasaidizi wake wawili, walioteleza. Maiti sitini na tatu zilizokuwa zimelala Mkunguni hazikutajwa, maana Ibara ya tisa ilikuwa haizitambui. Shekuwe aliamriwa aziondoe. Akawatia watu katika magunia yale yale ya kostiki, akawapeleka Rasi ya Fungu, akawafukia. Juu yao ilimwagwa zege na kuchorwa mistari myeupe, pakawa kiwanja cha tenisi cha maafisa.

Alivishwa nishani. Baba yake alipoletewa sare mpya ya mwanawe aipunguze mikono, aliishona kimya, akaikabidhi, na tangu siku hiyo hakumshonea tena.

*

Jamaa wa wale sitini na tatu walijulishwa kwamba wapendwa wao wamesafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo. Na kwa kuwa msafiri mwema huandika barua, pakaundwa Idara ya Salamu, na Kapteni Shekuwe akapewa aisimamie kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kila mwaka, siku ya Sherehe ya Ushindi, aliandika barua sitini na tatu kwa mkono wake. Mwanzoni ziliandikwa kama zilivyoamriwa: "Sijambo. Kazi ni nzuri. Mpendeni Nahodha Mkuu." Miaka ikapita, akaanza kujiongezea. "Mvua za masika zinakaribia, tazama bati la jikoni." "Mtoto asiache shule." Hakujua kwa nini aliandika hayo. Aliona tu kwamba akiyaandika anapata usingizi.

Wakati huo huo aliendelea kupanda. Alipokuwa mkuu wa mafunzo, Nahodha Mkuu aliagiza kila kuruta ajue kuogelea katika muda wa siku moja, kwa kuwa nchi ina haraka ya maendeleo. Wakatupwa bahari kuu makuruta arobaini. Kumi na mmoja hawakurudi, wakatunukiwa vyeti vya kupiga mbizi kwa daraja la kwanza. Shekuwe alivitia saini.

Katika karamu moja, Nahodha Mkuu alimuuliza bahari iko vipi. "Kuna mawimbi kidogo, mtukufu," alijibu. Nahodha Mkuu hutembea na kasia la fedha badala ya fimbo. Alilinyanyua akampiga nalo la mdomo, meno mawili ya mbele yakarukia kwenye bakuli la pilau.

"Bahari ya Shwari ina mawimbi?"

"Haina, mtukufu," alisema Shekuwe, damu ikimchuruzika kifuani.

Wageni wakapiga makofi kwa jinsi alivyoelimika haraka. Kesho yake alitiwa meno ya dhahabu na kufanywa Admirali. Picha yake rasmi ilichorwa na kutundikwa kila ofisi. Kwa kuwa shujaa hawezi kuwa mfupi mwenye kipara, mchoraji alimpa futi saba na masharubu.

*

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Nahodha Mkuu alihutubia kwa saa tano.

"Mtu huyu," alisema, "amelipigania taifa dhidi ya adui ambaye hata leo hatujamjua! Je, kuna ushujaa kuliko huo? Kumjua adui ni kazi rahisi, hata mbwa hufanya. Kumpiga bila kumjua, hiyo ndiyo imani!"

Watu wawili walizirai kwa jua, wakakamatwa kwa kulala wakati wa hotuba. Admirali akazawadiwa nyumba ya ghorofa Mkunguni, mahali palipokuwa soko la samaki. Mkewe alikwishafariki, na vyumba tisa vilikuwa vikimrudishia mwangwi wa kikohozi chake mwenyewe. Basi asubuhi akawa anavaa kanzu na kandambili na kuteremka mtaani kununua bajia. Hakuna aliyemtambua. Wote walikuwa wakimjua yule wa futi saba.

Muuza bajia aliitwa Bi. Riziki, mama mnene mwenye kovu shingoni, ambaye mikono yake haikutulia hata akizungumza. Siku ya nne alimfungia bajia zake katika karatasi nene, na Shekuwe alipoikunjua aliona maandishi. *Tazama bati la jikoni.* Ulikuwa mwandiko wake.

"Karatasi hii umeipata wapi, bibi?"

"Barua ya mume wangu hiyo. Nnazo thelathini na moja." Aligeuza bajia kwenye mafuta. "Karatasi ya serikali ni nzuri, haipitishi mafuta."

"Barua ya mumeo unafungia bajia?"

"Mume wangu Shali hakujua kuandika, babu. Hata siku tunaoana alitia dole gumba." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Miaka thelathini na moja baadaye kajifunza mwandiko wa kikarani! Ng'ambo kuna walimu kwelikweli."

Shekuwe aliikunja karatasi ile. "Bibi, mumeo hakusafiri."

Mikono ya Bi. Riziki ikasimama. "Hilo hata paka wa Mkunguni wanalijua. Nilikuwapo. Hili kovu si la bajia. Nisilolijua ni moja tu: walimweka wapi? Nimetembea nimechoka. Nikipita mahali popote nakanyaga polepole, nisije nikawa namkanyaga yeye. Wewe unajua?"

Alimtazama sana, na Admirali, aliyewahi kupigwa kasia la mdomo asilie, aliinuka akaondoka mbiombio, kandambili moja ikabaki pale.

Siku mbili hakutoka. Siku ya tatu alirudi akasimama mbele ya karai.

"Najua," alisema. "Mimi ndiye niliyeamuru. Mimi ndiye Shekuwe Madi."

Bi. Riziki alichota upawa wa mafuta ya moto, akaunyanyua. Shekuwe hakurudi nyuma. Upawa ulibaki hewani, mafuta yakidondoka kwenye makaa na kuwaka, na hatimaye mama yule akaurudisha karaini.

"Sema ni wapi."

"Nikikwambia hapa mtaenda kuchimba na mtapigwa risasi. Acha niseme kwa sheria, kibali kitoke, mchimbe kwa amani."

"Kwa sheria!" alisema Bi. Riziki, akatema mate kando. "Wewe mzee umeikalia nchi hii miaka sitini na bado ni mgeni. Haya nenda."

*

Kituo cha polisi cha Mkunguni kilikuwa chini ya Inspekta Mgole, mtu mwenye adabu sana. Alimkaribisha kiti.

"Nimekuja kukiri," alisema Shekuwe. "Vita vya Mkunguni ni uongo. Hapakuwa na meli ya adui. Admirali Shekuwe Madi aliua raia sitini na tatu."

Inspekta aliinuka taratibu, akafunga dirisha. "Mzee, unamtukana Admirali? Chini ya picha yake?"

"Admirali ni mimi."

Inspekta akaangalia picha, akaangalia mzee. Futi saba, futi tano na kidogo. "Sasa unamtukana mara mbili," alisema kwa masikitiko, akaita makoplo.

Walimpiga kwa virungu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kwa zamu, ili kila askari apate fursa ya kuitetea heshima ya Admirali. Kila walipopumzika walimuuliza, "Bado unasema Admirali ni muuaji?" naye alisema, "Bado." Wakamvunja vidole viwili vya mkono wa kulia. Meno ya dhahabu yalitoka, koplo mmoja akayaokota akayatia mfukoni kama kielelezo. Mchana, walipompekua ili wajue wamwandike jina gani, wakakuta kitambulisho chake. Kilikuwa halali, chenye muhuri wa kasia.

Inspekta Mgole alikisoma mara mbili. Kisha akapiga saluti kamili, visigino vikagongana. "Admirali, tunakupa pole. Tumemkamata mtu aliyekuwa akikutukana." Na akamwamuru koplo amrudishe mtu huyo mahabusu.

Kesi ilisikilizwa siku iliyofuata. Ukumbi ulijaa, Bi. Riziki akiwa benchi la mbele na aproni yake ya kazi. Hakimu alisoma shitaka: kumtukana shujaa wa taifa. Kisha akauliza kama mlalamikaji yupo.

"Yupo," alisema Inspekta, akamwonesha Shekuwe.

"Na mshtakiwa?"

"Yupo," akamwonesha Shekuwe.

Hakimu alikuwa msomi, hakutatizika. "Sheria inaruhusu mlalamikaji kumsamehe mshtakiwa, na kesi ikaisha hapa hapa tukaenda kula. Admirali, ni mtu mzee huyu, amechakaa. Unamsamehe?"

Shekuwe alishika ukingo wa kizimba kwa vidole vilivyovimba kama mihogo. Alifikiri juu ya ule mkono ulioshika mizani.

"Simsamehe," alisema.

Kisha, kabla hakimu hajapata neno, akageukia benchi la mbele akapaza sauti: "Wako Rasi ya Fungu! Chini ya kiwanja cha tenisi! Wote sitini na tatu, nimewafukia mimi!"

Hakimu aligonga meza. "Mahakama inaamuru hakuna aliyesikia!" Karani, aliyekuwa mzoefu, aliandika katika kumbukumbu: *Mshtakiwa alikohoa.*

Akahukumiwa viboko ishirini na vinne, vikachapwa papo hapo uani, mlalamikaji akitakiwa kushuhudia. Kufikia kiboko cha kumi na tano ngozi ya mgongo ilikuwa imeachana. Alipoinua kichwa atazame ukumbini aliona mabenchi ni matupu. Watu walikwishaondoka, na hakuna aliyekwenda nyumbani.

*

Rasi ya Fungu maafisa walikuwa wakicheza tenisi. Mkuu wa klabu, Kamanda Tengo, kijana mwenye kaptula nyeupe na nishani kumi na mbili kwenye fulana, aliona umati ukija na masururu na majembe, makuli mbele, na mbele ya makuli mama mmoja mnene.

"Mama," alisema kwa heshima, "mchezo haujaisha."

Bi. Riziki alinyanyua sururu akalishusha katikati ya uwanja. Zege likatoa cheche. Akalishusha tena.

Kamanda akatoa amri, makuruta waliokuwa zamu wakafyatua. Watano walianguka mara ile: kuli mmoja risasi ya koo, ndugu wawili walioshika jembe moja, mwalimu wa madrasa, na msichana aliyekuwa amebeba maji ya wachimbaji. Umati uliyumba kama mti. Lakini zege lilikwishapasuka, na walio mbele hawakutaka kurudi. Wakawa wanachimba wamepiga magoti, huku damu ya wenzao ikiingia katika nyufa. Makuruta wakapakia risasi tena.

Ndipo Shekuwe alipofika, kifua wazi, nzi mgongoni, anajikokota akishika ukuta. Akakusanya pumzi yote iliyobaki.

"Shusha silaha!"

Sauti ile makuruta waliijua. Kila alfajiri chuoni walikuwa wakiamshwa nayo kwa kipaza sauti, amri za Admirali zilizorekodiwa miaka ya nyuma, na miili yao ilitii kabla ya vichwa. Bunduki ishirini zikashuka pamoja.

"Wajinga nyie! Huyo si Admirali!" alipiga kelele Kamanda Tengo. "Admirali ana futi saba!"

"Kweli kabisa," alisema Shekuwe. "Lakini mmeshashusha."

Kamanda akachomoa bastola akampiga mbili za tumbo. Hakupata ya tatu. Sajini wa zamu, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kaka yake alikuwa "msafiri" tangu mwaka ule, alimgonga Kamanda kichwani kwa kitako cha bunduki, akamgonga tena na tena, akilia kwa sauti kama mtoto, mpaka wenzake walipomvuta, na cha kugonga kilikuwa hakipo tena.

Wakachimba mpaka jua likainama. Walitoka mmoja mmoja, magunia yameoza, mifupa imeshikana. Bi. Riziki alimtambua Shali kwa mkanda wake wa ngozi, wenye tundu la ziada alilolitoboa mwenyewe kwa msumari mwaka wa njaa. Hakupiga ukelele. Alikaa chini, akauweka mkanda mapajani, akaunyoosha.

Kisha akaenda alipolala Shekuwe, amejikunja ukutani. Bado alikuwa na roho.

"Nisamehe," alisema mzee.

"Sikusamehe," alisema Bi. Riziki. "Una nani?"

"Binti. Zuwena. Yuko ng'ambo... Hatujasemezana miaka."

"Ng'ambo ya kweli?"

Shekuwe alitaka kucheka, ikatoka damu. "Ya kweli," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

*

Serikali ilikutana kutwa nzima kutafuta la kuwafanya watu wa Mkunguni. Ikashindikana. Kuwashitaki kwa kufukua maiti kungekuwa kukiri kwamba maiti zilikuwapo, na Katiba ilisema hazipo. Hata wale watano wapya, na Kamanda Tengo aliyezikwa na jeshi usiku, ilibidi waandikwe safarini. Hivyo sitini na tatu na watano wakazikwa mchana kweupe, kwa sanda na dua, polisi wakitazama upande mwingine kwa amri. Redio ikatangaza kwamba Admirali Shekuwe Madi ni mzima wa afya, na mwaka huo alihudhuria Sherehe ya Ushindi akiwa na futi saba na masharubu, akapungia watu mkono.

Ilibaki maiti moja. Jeshi lilikataa kumzika mtu aliyemtukana Admirali. Makuli walitaka atupwe baharini, na wawili walikwishamshika miguu.

"Mwacheni," alisema Bi. Riziki. "Mchimbieni."

"Huyu? Mama, umesahau?"

"Sijasahau hata kidogo. Mzikeni mbali na wetu, pale kwenye mawe. Lakini azikwe, na mahali pajulikane. Ana mtu wa kumtafuta." Wakamzika kwenye mawe, wakinung'unika. Makuli wakapeleka habari kwa meli ya kwanza iliyotia nanga.

Baada ya miezi miwili alishuka mwanamke mmoja bandarini, na koti la baridi mkononi, akaulizia mpaka akaelekezwa kwenye karai la bajia.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Zuwena. Nimeambiwa wewe unajua baba yangu yuko wapi."

"Marahaba," alisema Bi. Riziki. Akaondoa karai motoni, akafuta mikono. "Ni mwendo kidogo. Twende."

Walipita soko la zamani, wakaikata bandari. Karibu na mawe Zuwena alisimama. "Mama, watu wamenambia mengi. Alikuwa mtu gani?"

"Kaburi lile pale," alisema Bi. Riziki. "Kwanza lione, umwombee upendavyo. Nitakungoja."

Akamngoja, ameketi juani. Mwanamke yule aliporudi na macho mekundu, Bi. Riziki alimsogezea nafasi kwenye jiwe, akamwambia yote toka asubuhi ile ya kwanza, na katika wale sitini na tatu hakumpunguza hata mmoja.